Pikapu ya dizeli ya manyuali inasita na gia zinagoma mara mojamoja: tafuta chanzo kabla ya kushusha gia boksi

Swali hili linanifikia kila mara, maneno tu ndiyo hubadilika. Gari ni la dizeli, manyuali. Asubuhi linakwenda vizuri, mchana likipanda kilima linasita, linavuta, linasita tena. Siku nyingine gia namba moja inagoma mbele ya trafiki, ukizima na kuwasha inaingia kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi kakagua, kasema klachi. Klachi kiti mpya imefungwa. Wiki mbili baadaye gari liko palepale.

Watu wengi wanakwama kwa sababu wanatafuta ugonjwa mmoja. Gia kugoma na gari kusita mara nyingi ni magonjwa mawili yaliyokutana ndani ya gari moja, na dawa ya huu haiugusi ule. Hatua hizi zinayatenganisha kwanza, ndipo zinautafuta kila mmoja. Fuata mpangilio wake. Ukiruka kwenda hatua ya 6 kwa sababu rafiki yako alikuta tatizo huko, utarudi hapa baada ya mwezi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo na kalamu, vikae garini muda wote.
- Mtu wa pili. Hatua kadhaa hapa haziwezekani ukiwa peke yako.
- Chupa mbili za plastiki za uwazi, zilizokauka kabisa ndani.
- Mpira wa uwazi unaohimili dizeli, kama mita moja, wenye tundu linalolingana na mpira wa dizeli wa gari lako, na klipu zake. Pia mpira mwembamba kama wa dripu.
- Mafuta ya breki ambayo chupa yake haijafunguliwa, DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko cha kikopo cha gari lako kinavyosema.
- Filta mpya ya dizeli.
- Spana za ringi, koleo, bisibisi, tochi, chaki, matambaa safi.
- Jeki, stendi mbili imara na vizuizi vya tairi. Tofali si stendi. Tofali la kuchoma hupasuka bila kukuaga.
- Dumu safi la lita 20 lenye lita 10 za dizeli uliyoikagua kwa macho.
- Kwa gari la komoni reli (dizeli ya kompyuta, yenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), kifaa cha kusomea kompyuta kinachoonyesha presha ya reli injini ikiwa inafanya kazi.

Onyo la kwanza kabla ya spana yoyote: kwenye komoni reli, mabomba ya chuma yanayotoka pampu kwenda kwenye reli na nozeli hubeba presha inayopita bar 1,000. Usilegeze nati yake injini ikiwaka, na usipapase kutafuta uvujaji kwa kidole. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Kazi zote za dizeli humu ni za upande wa presha ndogo tu: tanki, mipira, filta.

Jambo lingine kwa waliohamia huku Dodoma kutoka Dar es Salaam. Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Injini ya dizeli isiyo na tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa kwa sababu hewa ni nyepesi. Huo si ugonjwa. Upungufu huo upo kila siku, kila saa, hauji na kuondoka.

## Hatua ya 1: Andika siku saba, usiguse kitu

Najua hii ndiyo hatua utakayotaka kuiruka. Ugonjwa unaokuja na kuondoka haukamatwi gereji, kwa sababu ukifika gereji umeshaondoka. Unakamatwa kwa kumbukumbu.

Kila tatizo likitokea, simama pembeni salama uandike: saa, injini ya baridi au ya moto, gia gani, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ulikuwa wapi, dizeli imebaki kiasi gani, barabara tambarare au kilima, lami au vumbi, na mara ya mwisho ulijaza wapi.

Pikapu yangu ilinifunza hivyo kwa gharama. Ilikuwa inasita kwenye mpando wa baada ya Kintinku kuelekea Manyoni, na siku zilezile rivasi ikawa inakwaruza. Fundi alisikiliza dakika mbili akasema, "Kaka, hapo ni klachi tu, tushushe." Tukashusha. Laki nne na ushee zikaenda pamoja na ufundi. Rivasi ikatulia siku chache, halafu ikarudi, na kusita hakukupungua hata kidogo.

Ndipo nikaanza kuandika. Ndani ya siku tisa daftari lilikuwa na mistari kumi na moja. Kusita kote kulitokea tanki likiwa chini ya robo, gari likiwa limeinua pua. Hakuna hata mara moja kwenye tanki lililojaa. Rivasi yenyewe iligoma mchana tu, baada ya foleni. Mistari hiyo miwili haikukutana popote, na hapo nikajua nilikuwa nafukuza wanyama wawili kwa mbwa mmoja.

Utajua umefanikiwa: ukipata jambo moja linalojirudia mara tatu au zaidi. Wiki ikiisha bila kitu kujirudia, endelea kuandika huku ukianza hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Jaribio la mshale

Hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote, na halihitaji spana.

Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka na kisicho na msongamano. Usitumie barabara kuu ya Morogoro wala ya Singida, malori na mabasi hayatakusubiri. Dereva aangalie barabara, msaidizi aangalie mshale wa RPM na wa mwendo. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Injini ikiwa ya moto, endesha gia namba nne kwenye RPM 1,500 hivi. Kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie. Kisha rudia kwenye mwinuko mdogo.

RPM inapanda haraka, mwendo haupandi. Klachi inateleza. Injini inazunguka lakini nguvu haifiki kwenye gia boksi. Mara nyingi kutakuwa na harufu kali ya kuungua. Hapa fundi wako ana haki.

RPM na mwendo vyote vinasimama au kushuka pamoja, kisha vinarudi pamoja. Klachi imeshika sawasawa. Injini yenyewe ndiyo inayokosa dizeli au hewa. Usikubali mtu akuuzie klachi kwa dalili hii. Nenda hatua ya 6.

Mshale wa RPM unaanguka ghafla mpaka sifuri, kisha unaruka juu, gari likiwa kwenye gia. Fikiria kidogo: klachi ikiwa imeshika, tairi na injini vimefungwa pamoja. Injini haiwezi kufika sifuri kwa kufumba na kufumbua huku gari likienda kilometa 50 kwa saa. Kilichokatika ni taarifa, siyo mzunguko. Waya, soketi au sensa. Nenda hatua ya 8.

Gari linapiga "tuk" kila ukikanyaga na kuachia mafuta, mishale yote ikiwa shwari. Angalia mauntingi (raba za kubebea) za injini na gia boksi, kisha krosi (viungo) za propela shafti. Watu wengi huita mshtuko huu kusita, kumbe ni chuma kilicholegea tu.

Utajua umefanikiwa: msaidizi akiweza kusema bila kusitasita ni ipi kati ya nne ameiona, mara mbili mfululizo. Jibu la "nadhani" halitoshi.

## Hatua ya 3: Gia, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa

Weka gari mahali tambarare, breki ya mkono juu, vizuizi kwenye tairi. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari.

Zima injini. Kanyaga klachi mpaka mwisho, pitisha gia zote moja baada ya nyingine, na rivasi. Zikigoma namba fulani, tikisa gari kidogo au achia klachi na ukanyage tena, maana meno yanaweza kuwa yamekutana ncha kwa ncha.

Sasa washa, iache kwenye sailensa (ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta). Kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu taratibu mpaka tano, kisha ingiza rivasi. Kwa nini rivasi? Kwenye gia boksi nyingi rivasi haina sinkronaiza (ringi inayolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia) ya kuificha aibu ya klachi. Namba mbili inaweza kuingia ingawa klachi haijaachia vizuri, rivasi italia.

Soma majibu hivi. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, lakini zikagoma ikiwaka, klachi haiachii. Rivasi ikilia hata baada ya kuhesabu tano, jibu ni lilelile. Ukipampu pedali mara mbili tatu kwa haraka na gia ikaingia, umeshaliona tatizo: kuna hewa au uvujaji kwenye mafuta ya klachi, nenda hatua ya 4. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, klachi haihusiki, nenda hatua ya 5.

Kabla ya yote hayo, inama uangalie chini ya pedali. Sitanii. Zulia nene la kununua mtaani, lililokunjamana nyuma ya pedali, hupunguza safari ya pedali kwa sentimita mbili au tatu, na hizo zinatosha kuifanya rivasi ilie. Linajikunja leo, kesho limenyooka, ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka. Litoe.

## Hatua ya 4: Mafuta ya klachi

Magari mengi ya aina hii husukuma klachi kwa mafuta: masta silinda juu kwenye pedali, silinda ndogo chini ubavuni mwa gia boksi, ambayo mafundi huiita slevu. (Gari lako likitumia kebo, kagua kama nyuzi zimeanza kukatika na urekebishe uhuru wa pedali kama kitabu kinavyosema, kisha ruka mbele.)

Angalia kikopo. Mafuta yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyolala, raba ndani zinaliwa. Yakiwa yamepungua, yameenda mahali. Tafuta mahali penyewe kwa mpangilio huu: pitisha kidole nyuma ya pedali, pale fimbo inapoingia ukutani. Unyevu hapo ni masta silinda. Kisha nenda chini, vuta ukingo wa soksi ya raba ya slevu kwa bisibisi butu. Soksi ya slevu nzima ni kavu na yenye vumbi. Yangu ilinimwagia kijiko kizima cha uji mweusi mkononi. Kwa nje ilikuwa kavu kabisa, vumbi la Dodoma limeganda juu yake kama plasta, ndiyo maana hata fundi alipokuwa chini ya gari hakuiona. Alifunga klachi mpya akaiacha slevu ya zamani.

Hapo pia ndipo nilipoelewa kwa nini iligoma mchana tu. Raba iliyochoka ikipata joto hulegea, na mafuta yenye unyevu na hewa ndani yakipata joto hubonyea. Asubuhi kila kitu kimekaza, hakuna ugonjwa.

Badilisha kinachovuja, kisha toa hewa:

1. Jaza kikopo. Chomeka mpira mwembamba kwenye nipeli ya slevu (skrubu ya kutolea hewa), ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo.
2. Msaidizi akanyage pedali taratibu mpaka chini, aseme "chini" na aishikilie.
3. Fungua nipeli robo ya mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka. Funga.
4. Sema "achia". Aiinue kwa mguu kama hairudi yenyewe.
5. Rudia mpaka mapovu yaishe, ukikagua kikopo kila baada ya mara tano. Kikikauka, unaanza upya.

Maonyo: usiweke ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki), haidroliki wala oili ya injini kwenye kikopo hiki. Raba zitavimba siku chache tu na utabadilisha kila kitu. Mafuta ya breki hula rangi ya gari, mwaga maji haraka yakidondoka. Na kwenye baadhi ya magari klachi na breki hunywa kikopo kimoja. Pedali ya breki ikiwa laini baada ya kazi hii, gari halitoki getini.

Utajua umefanikiwa: pedali inashika juu bila kupampu, rivasi inaingia kimya injini ikiwa ya moto. Uhakika zaidi, weka alama ya chaki kwenye fimbo ya slevu na uangalie msaidizi akikanyaga. Kwenye pikapu nyingi fimbo husafiri sentimita moja hadi moja na nusu. Ikisafiri vya kutosha na rivasi bado inalia, ndipo tatizo liko ndani: presha pleti, klachi pleti iliyopinda, au beringi ya kati.

## Hatua ya 5: Leva na oili ya gia

Shika leva ya gia gari likiwa nyutro, itikise. Ikicheza kama kijiko kwenye kikombe, bushi za chini zimekwisha. Ni raba za bei ndogo, na nimeona gia boksi nzima ikishushwa kwa ajili yake.

Namba mbili ikigoma asubuhi za Juni na Julai tu, kisha ikalainika baada ya kilometa chache, anza na oili. Ya zamani, au nzito kuliko inayotakiwa, haikimbii kwenye sinkronaiza wakati wa baridi. Kabla ya kufungua nati ya kumwagia, hakikisha nati ya kujazia inafunguka. Ukimwaga kwanza na ya kujazia ikagoma, umeegesha gari. Soma kitabu kwa daraja la oili: gia boksi iliyoandikiwa GL-4 usiipe GL-5, maana baadhi ya viungo vya GL-5 hula shaba ya sinkronaiza.

Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida, na hapo acha kujaribu, peleka kwa fundi wa gia boksi.

Gia inayochomoka yenyewe ukiwa kwenye mteremko, anza na mauntingi ya gia boksi kabla ya kulaumu meno.

## Hatua ya 6: Dizeli

Huku ndiko kusita kwingi kunakotoka, na huku ndiko watu wanakokagua vibaya. Wanatafuta mahali panapodondoka dizeli. Kwenye magari mengi, kutoka tanki mpaka pampu dizeli haisukumwi, inavutwa. Mpira wenye ufa hautoi dizeli nje, unaingiza hewa ndani. Utakagua mara kumi, kila kitu kikavu.

Maji na uchafu. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua koki ya chini ya filta, kinga nusu chupa. Iache kivulini nusu saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatakaa chini, na mstari kati yao utaonekana. Kinga pia sampuli ya dumu lako kwenye chupa ya pili, ulinganishe rangi. Ukiona maji, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, kisha rudia siku ya pili. Yakirudi, yako kwenye tanki.

Filta. Ibadilishe kama hukumbuki ilibadilishwa lini. Kwenye komoni reli usiimiminie dizeli ya dumu kwenye tundu lake la katikati, uchafu huo unaenda moja kwa moja upande wa pampu. Tumia pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu.

Pampu ya mkono ni shahidi. Gari likisita njiani, simama salama, zima, uibonye kabla ya chochote. Ikiwa ngumu mara moja, dizeli imejaa, tatizo haliko huku. Ikiwa laini kama puto lililopungua upepo, na baada ya kupampu gari likaenda vizuri kilometa kadhaa, una hewa au dizeli haifiki. Yangu baada ya Kintinku ilizama mara kumi na tano kabla ya kushika.

Mpira wa uwazi. Injini ikiwa imezimwa, ondoa mpira wa dizeli kati ya filta na pampu, weka wa uwazi. Usiguse mabomba ya chuma. Uweke mbali na feni na egzosi. Washa, angalia sailensa, kisha RPM 2,500 kwa dakika moja. Mapovu machache mwanzoni ni ya kazi uliyoifanya. Mapovu yasiyoisha, au yanayoongezeka RPM ikipanda, ni hewa inayovutwa. Hamisha mpira wa uwazi kabla ya filta: mapovu yakiwa bado yapo, ufa uko upande wa tanki. Yakitoweka, ni filta, muhuri wake au pampu ya mkono.

Kifuniko cha tanki. Kina tundu dogo la kupumulia, na vumbi letu hulijaza. Gari likisita, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio mrefu na gari likapona, osha au badilisha kifuniko.

Dumu. Kama bado hujapata, litenge tanki. Funga dumu kwa kamba kwenye bodi nyuma, kamwe si ndani ya kebini wala karibu na tabo. Chini, karibu na tanki, ondoa mpira wa kupeleka, unganisha kutoka kwenye dumu. Wa kurudisha uache urudi tankini, na kwa sababu hiyo lita 10 hazidumu sana: safari iwe fupi. Hakikisha kifuniko cha dumu kinaingiza hewa lakini hakimwagi. Pita kilima kilekile. Kusita kukiisha, tatizo ni tanki, chujio lake au bomba la kuvutia.

Kwangu kuliisha. Tuliposhusha tanki, chujio la bomba la kuvutia lilikuwa limevikwa nyuzi nyeupe, ndefu, kama mtu amelisukia kofia. Nilizitambua. Miezi mitatu nyuma niliishiwa mafuta karibu na Mtera, nikanunua dizeli ya dumu, na kwa kujifanya mwangalifu nikaichuja mwenyewe kwa kipande cha salfeti. Dizeli ikiwa nyingi nyuzi zilielea mbali. Ikipungua chini ya robo na gari likainua pua, zilivutwa zote mdomoni.

Utajua umefanikiwa: mpira wa uwazi unaonyesha dizeli safi isiyo na povu, pampu ya mkono inabaki ngumu hata baada ya gari kulala, na chupa ya asubuhi haina mstari wa maji.

## Hatua ya 7: Hewa

Toa filta ya ea klina, weka tochi ndani, tazama kutoka nje gizani. Mwanga usipopita, badilisha. Ukiipuliza kwa upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa presha ndogo. Ukipuliza kutoka nje unapigilia vumbi. Barabara za vumbi za Kondoa vijijini au Chemba huijaza mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Angalia pia moshi wakati wa kusita. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo: filta, mpira wa tabo uliopasuka, au vali ya EGR (inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) iliyoganda masizi ikiwa wazi. Kusita bila moshi kunarudisha kidole kwenye hatua ya 6. Mpira wa tabo kagua injini ikiwa imezimwa, ukikunja kila kona. Ufa mdogo hufumbuka tu wakati wa mzigo, na mara nyingi kuna unyevu mweusi wa oili pembeni yake.

## Hatua ya 8: Umeme na kompyuta

Injini za zamani kama 1HZ na 5L zina pampu ya kimakanika. Hakuna kompyuta ya kupima, usilipie. Kwenye hizo kagua waya wa solenoidi ya kuzimia (swichi ya umeme inayokata dizeli) iliyo kwenye pampu. Soketi yake ikilegea, injini inakatika sekunde moja kwenye matuta na kurudi, nawe unadhani ni dizeli.

Kwenye komoni reli, soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta na uziandike zote kabla ya kufuta. Ukifuta kwanza umeunguza ushahidi. Kisha msaidizi atazame presha ya reli inayotakiwa na iliyopo wakati wa kusita. Iliyopo ikianguka chini ya inayotakiwa, rudi kwenye filta na hewa, na baada ya hapo vali ya kudhibiti dizeli kwenye pampu. Zikienda sambamba wakati gari linasita, angalia sensa ya hewa, sensa ya krenki na waya za athi. Chezesha soketi moja moja injini ikiwa sailensa. Ile itakayobadilisha mlio ndiyo.

## Hatua ya 9: Rudi kwenye mstari wa daftari

Usijaribu gari kwa kuzunguka mtaa. Chukua hali iliyoandikwa: kama ni tanki chini ya robo kwenye mpando, punguza dizeli mpaka robo, beba dumu la akiba, nenda mpando huohuo saa ileile. Mara tatu bila kusita ndiyo kupona. Rivasi nayo ijaribu baada ya nusu saa ya foleni.

Ikifika kushusha gia boksi kwa sababu hatua ya 2 au ya 4 imesema hivyo, ongea na fundi kabla hajaanza. Mwambie ulichokiona kwenye mshale, siyo unachodhani. Omba vitu hivi vikaguliwe kwa pamoja maana kazi ya kushusha ni moja: klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi na uma wake, beringi ya kati, uso wa flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi hulishika), na sili ya nyuma ya krenki. Pleti mpya ikifungwa juu ya sili inayovuja oili itateleza ndani ya miezi. Uwepo wakati wa kufungua, na uipige picha pleti ya zamani kabla haijafutwa. Oili inayong'aa juu yake, au alama za bluu za kuungua kwenye flaiwili, zinakuonyesha kilichoiua, na flaiwili yenye alama hizo irekebishwe kwanza.